Waya Uliodanganya

Miaka thelathini na moja nimeshika nyaya za watu,
Umoja, Kayole, Dandora hadi Njiru,
na sikugusa hata mmoja kabla ya kuuliza kwa testa:
una moto, au umelala?
Stima imenirusha mara mbili tu.
Ya kwanza nilikuwa mwanagenzi, Barabara ya Kirinyaga.
Ya pili nilikuwa na haraka.
Mara zote mbili nilijua nimekosea wapi.

Sasa ninayo ndani.
Chini ya mtulinga wa kushoto,
kijisanduku kama kiberiti kilichonenepa,
na kutoka hapo waya mmoja unateremka ndani ya mshipa
mpaka chumbani mwa moyo.
Daktari Shitandi alisema: huyu ni askari wako wa usiku.
Moyo ukikimbia ovyo atauita kwa upole.
Usiposikia, atapiga.

Mwaka mzima askari alinyamaza.
Nikamsahau, kama unavyoisahau fyuzi.

Kisha Jumanne moja ya Julai, baridi ile ya ukungu,
nanyoosha mkono niteremshe sufuria juu ya kabati,
Kalekye kaishika upande wa pili,
teke la punda, kutoka ndani kwenda nje.
Sufuria ikabiringika hadi mlangoni.
"Mutinda," akasema, akijitazama vidole,
"umenipiga na nini?"

Nilingoja kizunguzungu. Hakikuja.
Moyo niliusikia wazi, ukienda zake
kama mtu anayetoka kanisani.
Teke la pili nikivaa koti.
La tatu nikiinua mkono kusimamisha teksi.
La nne langoni mwa hospitali,
nikimwonyesha bawabu kitambulisho.
Nikaanza kuuogopa mkono wangu mwenyewe.

Muuguzi Chelagat akaniwekea sumaku kifuani,
duara zito, baridi,
akaibana kwa plasta: "Tumemfumba askari macho.
Sasa pumua."
Nililia hapo, mzee mzima, na koti nusu limevaliwa.

Asubuhi daktari alileta karatasi yenye mistari miwili.
Huu wa juu, akasema, ni moyo: shwari.
Huu wa chini ndio anaousikia askari.
Ulikuwa misumari, ulikuwa mvua juu ya mabati.
Nikaomba miwani yangu.
Nikamwambia kabla hajaniambia:
waya umechubuka, daktari. Hapo unapopinda,
mfupa unausaga kila nikiinua mkono.
Akaiweka kalamu chini.

Na mimi usiku kucha nilikuwa nautukana moyo.
Msaliti, nimeuita. Mhuni.
Kumbe ulikuwa kazini kwake,
ukipigwa kama kijana wa Gikomba
kwa sababu sauti moja nyuma imepaza: mwizi!
na hakuna aliyeuliza ameiba nini.

Wameniwekea waya mpya.
Wa zamani hawakuutoa; umeshikamana na mshipa,
kuuvuta ni kubahatisha uhai.
Wameufunga ncha, wakauacha humo,
mfu, ubavuni mwa mwenzake.
Sikuuliza swali. Nyaya ngapi nimeziacha hivyo
ndani ya kuta za watu, nikapiga plasta juu,
nikalipwa.

Sufuria zote zimeshushwa rafu ya chini.
Kalekye analala na mto katikati yetu.
Simlaumu. Hatujauzungumzia huo mto.

Jana stima ilipotea mtaa mzima.
Majirani wakapiga makelele, kisha wakachoka.
Katika giza lile niliusikia mkono wake ukivuka mto,
polepole, ukiwa umegeuzwa,
unakuja kwa mgongo wa vidole,
vile nilivyomfundisha tulipohamia hapa
kugusa ukuta ulionyeshewa.

Nililala tuli.
Nikamwacha anipime.